Baiskeli Isiyotoka Sebuleni

Jumamosi, tarehe 13 mwezi wa sita. Upepo umevuma tangu alfajiri, ule mkavu wa kipupwe unaoingia hadi kwenye mifupa. Jua lipo lakini halina kazi. Nimekaa nyuma ya jiko, upande usiopigwa na upepo, blanketi magotini.

Aliyeniambia niandike ni Gwamaka, kijana wa Mbeya anayetufanyisha mazoezi ya viungo pale hospitali. Alisema, "Baba, wewe si huwa unaandika andika mambo yako? Waandikie wenzako. Wanaingia hapa wanatetemeka, hawajui kinachowasubiri." Nikamwambia mimi nimeishia darasa la saba. Akasema kiharusi hakiulizi mtu ameishia darasa gani. Basi naandika, ingawa sijui kama nitamsaidia mtu au nitamwongezea uchungu. Nitajitahidi nisimwonee yeyote.

Kiliniangukia mwaka jana, wiki ya baada ya Pasaka, wakati wa mvua za mwisho mwisho. Nilikuwa nanawa uso uani, hapa hapa nyumbani Kizwite, Sumbawanga. Kopo likanitoka mkono wa kushoto. Nikainama kuliokota, mkono ukakataa. Nikataka kumwita mke wangu, nikasikia kinywani mwangu kitu kinabwabwaja kama uji unaochemka. Yeye alikuwa anafagia. Alinitazama uso, akaacha ufagio, akapiga yowe. Kwa hilo yowe nilijua nimeharibika kabla sijajiona kwenye kioo.

Ya wodini sitayasema, mengi siyakumbuki. Nitasema ya benchi, maana ndilo linalokungoja nawe. Kliniki ya presha unafika mapema, unakuta kuna waliofika mapema zaidi. Kila mtu na chupa yake ya chai na shuka lake. Hakuna anayetaja ugonjwa. Wanataja mvua, mbolea iliyochelewa, nani kazikwa wapi. Jina lako likiitwa wote wanakutazama miguu. Mimi nilikuwa siinuki, nilikuwa nainuliwa. Mama Agata, ndivyo ninavyomwita mke wangu, alinishika kwenye mkanda wa suruali kama anayeshusha gunia kwenye lori. Mzee mmoja wa Katandala, naye mkono wake umelala kama wangu, kila mara alimwambia, "Mama, taratibu. Huo mzigo hauna risiti, ukivunjika hawakubadilishii." Benchi zima linacheka. Nami nilicheka, na mate yakanitoka, na Mama Agata akanifuta mbele za watu.

Wanakwambia mguu utakuwa mzito. Hawakwambii kwamba utalia. Nililia kwa kuona kuku anapita. Nililia redio ikipigwa. Na mdomo ulivutwa upande mmoja, maneno yakawa yanatoka na sauti ya mtu anayechekacheka. Nikisema naumwa, watu wanatabasamu nami. Mama Agata ndiye aliyeniogesha, aliyenipeleka chooni, aliyenigeuza kitandani, na mgongo wake si wa msichana. Sikuwahi kumsikia analalamika. Nilimsikia anapumua tu, na huko kupumua kulinichoma kuliko maneno.

Agata ni mtoto wetu mmoja aliye hai. Anafanya kazi ofisini Dodoma. Alimpigia Gwamaka simu akamuuliza baba yake anahitaji nini. Gwamaka akamjibu mguu unataka kufanyishwa kazi kila siku, kutembezwa, kukunjwa, hata kuzungushwa pedali. Katika hayo yote Agata alishika pedali. Simlaumu. Mtu akiwa mbali hushika kile kinachoweza kununuliwa.

Mwezi wa saba baiskeli ya mazoezi ikaja na lori, imeviringishwa mablanketi kama maiti ya mtu wa heshima, na Agata akaja kwa basi kuipokea.

Sisi watu wa huku tunazijua baiskeli. Mimi nimebeba mahindi kutoka Kaengesa hadi mjini kwa baiskeli ya chuma, magunia mawili nyuma, kwenye mlima unasukuma, kwenye mteremko unamwomba Mungu. Lakini hii ilikuwa ya namna nyingine. Gurudumu lilikuwa moja tu, zito, la mbele, na halikugusa chini. Juu ya usukani pana kioo kikubwa kama televisheni. Ukikiwasha, kwa umeme na kwa bando la intaneti, anatokea mwalimu naye yuko juu ya baiskeli yake, anaendesha na kupiga kelele za kukutia moyo. Darasa linalipiwa kila mwezi, Agata analipia huko huko aliko. Kioo kilijua jina langu. Kilihesabu dakika na kilometa, kilometa za safari ambayo hakuna aliyekwenda. Na kila kilichohesabiwa kilionekana kwenye simu ya Agata.

"Baba, hata nikiwa Dodoma ni kama nipo hapa nimekushika," alisema.

Nadhani aliamini. Mimi pia niliamini.

Kabla hajaondoka tulipanga jambo moja, na hili ndilo msingi wa yote. Mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza, Agata achukue likizo aje akae na mimi, ili mama yake aende shambani Kaengesa kupanda. Shamba lile ndilo chakula chetu cha mwaka mzima, hatuna lingine. Anayepanda kule hulala kule kwenye kibanda hadi amalize. Na mimi sikuweza kuachwa peke yangu hata kwa muda wa kwenda sokoni.

"Nitakuja, mama. Likizo yangu naiweka hapo," Agata alisema. Tukashukuru.

Basi nikaanza darasa. Mama Agata alinipandisha, akaufunga mguu wa kushoto kwenye pedali kwa kipande cha kitenge kwa sababu vile viatu vyake vya kunasia havikunikaa. Mwalimu alikuwa dada mmoja mzungu, mabega wazi, anasema Kiingereza kwa kasi. Nilielewa namba tu. Alikuwa ananitazama machoni na kutabasamu kama ananifahamu, na mimi goti linaanguka nje, mguu unachomoka, kidole kinagonga chuma. Kwenye kioo palikuwa na duara ambalo hujaa rangi ukimaliza kazi ya siku. La kwangu lilibaki jeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Jioni simu inalia. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo mbona sijaona kitu?"

"Mguu umegoma."

"Jikaze, baba. Kidogo kidogo."

Jikaze. Ukiugua utalisikia neno hilo kuliko jina lako. Halisemwi na mtu mbaya, linasemwa na wanaokupenda, ndiyo maana huna jibu.

Sasa nieleze jumuiya yetu ya kanisani. Kwetu mtu akiugua, wanajumuiya hawaji kusali rozari tu na kuondoka. Wanaishika kazi ya mgonjwa. Kama ni kulima wanalima, kama ni palizi wanapalilia, siku zao kadhaa, kisha wanahamia nyumba nyingine yenye shida. Inakwenda kwa zamu, maana wagonjwa ni wengi na mikono ni ile ile. Mwenyekiti wetu ni mama mmoja anaitwa Kolumba, mwanamke wa nguvu na wa maneno. Mwezi wa nane walikuja kusali kwetu, wakaikuta ile baiskeli katikati ya sebule, mahali pa meza.

"Hii nayo inakula nini?" Kolumba akauliza.

"Dakika," Mama Agata akamjibu. "Kila siku inadai dakika zake. Baba Agata asipozimaliza, Agata anaona huko Dodoma, anapiga simu."

"Kwa hiyo ni kama palizi."

"Ni palizi hasa."

"Basi mgonjwa hapalilii peke yake." Akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akapanda.

Sijawahi kuona sebule yangu imejaa kicheko namna ile. "Mwenyekiti, unakwenda wapi?" "Mbeya!" "Utuletee ndizi!" "Huyu dada wa kwenye kioo hasikii baridi, mabega nje?" "Kwao joto." "Aje Sumbawanga mwezi wa saba tumwone." Mwalimu akapiga kelele, Kolumba naye akamjibu kwa Kifipa, wakaendelea hivyo wawili hadi duara likajaa rangi, kioo kikatoa picha ya moto na muziki wa pongezi, na akina mama wakapiga vigelegele kama wamepata komunyo ya kwanza.

Kolumba akapanga zamu siku ile ile. Leo fulani, kesho fulani. Walikuja kweli, mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Waliacha kazi zao, wakaja kumalizia baiskeli ya mgonjwa. Walileta na kuni, na mboga, na habari za mtaa. Nikiwa mkweli, ilikuwa ni faraja. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi natazama watu wanatoa jasho kwa ajili yangu, na sikuwa mpweke hata siku moja. Ndiyo maana hadi leo nashindwa kuwakasirikia moja kwa moja.

Agata akapiga simu kwa furaha. "Baba! Wiki nzima hujakosa! Umewapita hata watu wa Ulaya!"

"Si mimi, mwanangu. Ni jumuiya. Ni akina Kolumba."

Akacheka hadi akakohoa. "Baba bwana! Ugonjwa wote huo na utani haujakutoka."

Nilirudia mara nyingine, akacheka tena. Nimeliwaza sana hili. Pengine ningempa simu Mama Agata aseme yeye. Lakini Mama Agata alinisikia nikisema, akajua limesemwa. Na sauti yangu ilikuwa ile ya mdomo uliopinda. Hata ningemwambia nimekufa, ingetoka kama mzaha. Sijui kosa liwekwe wapi. Nikiliweka kwa Agata naona ninamwonea, nikilitoa kwake linakosa pa kukaa.

Mwezi wa kumi na moja mawingu yakaanza kujikusanya, majirani wakawa wananoa majembe. Simu ikalia mchana. Mama Agata alikuwa ananivalisha.

"Baba, shikamoo. Sikiliza, ile likizo nimemwachia mwenzangu ofisini, ana mgonjwa kwao. Wewe sasa umeshapona, naona mwenyewe. Nitakuja mwezi wa sita, tutakaa vizuri."

"Nani kasema nimepona?"

"Baba, kila siku naona. Jana tu umeendesha kupita nusu saa."

Mama Agata akaichukua simu mkononi mwangu. Hakupaza sauti. "Agata. Hivi ninavyosema na wewe nimemwegemeza baba yako ukutani kwa bega langu ili nimpandishe suruali."

"Mama, mbona jana—"

"Jana ameendesha Kolumba."

Nilisikia sauti za ofisini kwao, watu wanaongea.

"Mama, si mngesema!"

"Baba yako alisema."

"Nilijua anatania."

"Basi huo utani ndio tutakaoupanda mwaka huu," Mama Agata akasema, akakata.

Agata alilia, najua, alipiga baadaye sauti imevimba. Alijaribu kuirudisha likizo, ilikuwa imeshasainiwa, na yule mwenzake alikuwa ameshasafiri. Akatuma hela ya vibarua. Lakini huku kwetu, mvua ikidondoka, kibarua ana shamba lake, na wenye ng'ombe wa plau walikuwa wameshachukuliwa tangu kiangazi. Hela ikakaa kwenye simu.

Tukabakiwa na jumuiya. Mama Agata hakutaka kwenda kwa Kolumba. Alingoja aje mwenyewe, na alipokuja kwa zamu yake akamwomba kabla hajapanda: watu waje siku chache tu Kaengesa, au mmoja akae na mimi yeye aende.

Kolumba akakaa chini. "Mama Agata, usinielewe vibaya. Zamu ya nyumba hii tumeshaimaliza."

"Mmeimaliza wapi?"

"Hapa." Akaonyesha baiskeli. "Tangu mwezi wa nane watu wanakuja. Nikiwaambia leo waende Kaengesa wataniuliza, na yale tuliyoyafanya yalikuwa nini?"

"Yalikuwa mchezo, Kolumba."

"Mchezo! Magoti yangu ndiyo yanayojua kama ulikuwa mchezo. Tulikuuliza hii ni kama palizi, ukasema ni palizi hasa."

Mama Agata akaitazama baiskeli.

"Na zamu inayofuata ni ya yule mjane mwenye kifua kikuu," Kolumba akasema, sasa kwa upole. "Ana watoto wadogo. Nimnyang'anye yeye nikupe wewe? Niambie, nitafanya."

Nani angesema ndiyo? Mama Agata akasema, "Mpelekeeni mjane." Kolumba akamshika mkono, akaondoka, na siku ile hakuna aliyependa kupanda baiskeli. Mwalimu alikuwa kwenye kioo anatutia moyo.

Nimelitafuna jambo hili miezi yote hii na bado ni chungu. Msaada wote ambao nyumba yangu ingeupata, miezi mitatu ya miguu ya watu wazima, umezungusha gurudumu lisilogusa ardhi. Hakuna aliyetuibia. Kila mmoja alitoa kwa moyo. Ukigeuka huku unakuta upendo, ukigeuka kule unakuta upendo, na shamba limekaa tupu mvua inanyesha. Ningefurahi angalau apatikane mwizi mmoja.

Wewe unayesoma na mguu wako umelala kama wangu, hili ndilo ninaloweza kukupa: watu wakija kukusaidia, waambie mapema unachohitaji, hata kama ni kazi ngumu na unaona haya. Usipochagua wewe, watachagua wao, na watachagua iliyo karibu na mlango. Na simu ikija, mpe anayekuuguza naye aseme, ngoja amalize. Gwamaka anasema maneno hayo yangewekwa ukutani pale kwenye benchi. Sijui kama yanafaa.

Sikukuu ya Noeli ikapita bila kibarua kupatikana. Mwezi wa kwanza Mama Agata akasema, "Twende wote." Akanipakia kwenye bajaji, kisha kwenye pikapu ya mtu wa Kaengesa juu ya magunia ya mbolea, akaniweka kwenye kibanda cha shamba. Yeye akalima kwa mkono kipande kilicho karibu, kile ambacho angeweza kunisikia nikiita. Sehemu nyingine ikaachiwa majani. Mvua ilikuwa inampiga mgongoni, mimi mkavu ndani nimekaa kama mzungu. Nilikuwa namtazama kupitia mlangoni, sikuwa na pa kugeuzia uso.

Kule ndiko nilikosimama. Nilishika nguzo ya kibanda, nikashika mpini wa jembe, nikaenda hadi mwanzo wa tuta, nikarudi. Kesho yake tena. Sitaki kusema shamba liliniponya, maana wengine walisema hivyo na mimi nachukia. Gwamaka anasema mguu hurudi kwa wakati wake, na kwamba hata zile dakika chache nilizoendesha mwenyewe zilisaidia goti. Nayaandika kwa sababu ni haki ya ile mashine. Mama Agata aliponiona nimesimama, alisema, "Haya, sasa unaweza kujipeleka chooni," akaendelea kuchimba. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote.

Lakini mahindi ya mwezi wa kwanza ni mahindi ya mwezi wa kwanza. Mvua ilikatika yakiwa yanachanua. Yakawa ya njano, vigunzi kama vidole vya mtoto. Tuliyavuna tukayala mabichi, mengine tukachoma, na stoo ikabaki na harufu ya mahindi ya mwaka jana.

Sasa natembea kwa fimbo. Mdomo umerudi kiasi, nasalimia watu na wananielewa. Nilimwomba Agata aache kulipia lile darasa, akaacha. Mwalimu haji tena. Siku za upepo mkali, Gwamaka akinihimiza, napanda na kuzungusha kidogo kioo kikiwa cheusi, na hakuna anayejua.

Agata amekuja Jumatano, kama alivyosema. Alinikuta nimesimama mlangoni, akapiga magoti akanishika miguu yote miwili, mzima na mbovu. Hatujagombana. Amefua, ameteka maji, amemkanda mama yake mgongo. Anaongea sana, kama mtu anayeogopa nyumba ikinyamaza.

Naongeza haya baada ya kula. Jioni hii Mama Agata alitaka kusonga, akakuta debe la unga halina kitu. Agata akasema, "Nikasage basi. Mahindi mapya yako wapi?" Mama yake akamwambia aende tu dukani. Akaenda duka la kona, akarudi na mfuko wa sembe, ule wenye picha ya hindi, akauweka mezani na akabaki amesimama.

"Mbona umenuna?" nikamuuliza.

"Muuza duka kanicheka. Kaniuliza, mwezi wa sita Ufipa nzima watu wanakula mahindi mapya, nyie mnanunua unga, mna wageni wa harusi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia ndiyo."

Mama Agata akaupasua ule mfuko kwa meno, akamwagia kwenye maji yaliyochemka. Tumekula ugali wa sembe ya dukani, maharage, na mchicha. Ulikuwa mweupe sana, na laini. Agata alimega wa kwanza, akautazama mkononi, kisha akala.